Gari Linavuja Oili, Mwenye Gari Ana Haraka

Gereji kongwe mjini Tabora haihitaji kibao. Unaitambua kwa ardhi yake. Mchanga chini ya mwembe umekuwa mweusi na kushikamana, ukiukanyaga hauachi alama ya kiatu. Mvua za Novemba zikianza, maji hayazami pale; yanapita juu yakiwa na rangi rangi, yanaingia mtaroni na kushuka bondeni kwenye bustani za mchicha.

Weusi huo ni oili ya injini. Nyingine ilimwagwa wakati wa sevisi. Nyingine ilidondoka yenyewe, tone kwa tone, kutoka kwenye magari ambayo wenyewe walishaambiwa kwamba gasketi ya sampo imekwisha, wakajibu kwa maneno yanayosikika katika kila gereji nchini: “Niongezee lita moja kwanza, nina safari.” Safari inakwenda, oili inabaki barabarani, na wiki inayofuata gari linarudi kuongezewa nyingine. Kuongeza oili kumegeuzwa kuwa matengenezo, na injini ikifa lawama zote humwangukia fundi. Si haki. Sehemu kubwa ya lawama ni ya mwenye gari, na inayobaki ni ya halmashauri zilizowaacha mafundi wafanye kazi inayodai usafi mkubwa wakiwa wamelala juu ya vumbi.

Sampo ni bakuli la bati au la aluminiamu lililofungwa chini kabisa ya injini, na oili yote hukaa humo. Pampu huivuta kupitia chujio, huipandisha kwenye beringi za krenki na kemshafti, kisha oili hudondoka tena chini kusubiri kuvutwa upya. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi zinazozunguka mitaani, hubeba lita 3.7 tu oili inapobadilishwa pamoja na filta. Ni kidogo. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye stiki ya kupimia kuna tofauti ya lita moja hivi, kwa hiyo gari ambalo dereva analiona “halijapungua sana” linaweza kuwa limekwisha kupoteza zaidi ya robo ya oili yake.

Tone moja halimtishi mtu mpaka alipigie hesabu. Tuseme gari linadondosha tone moja kila sekunde 10, na kwamba matone 30 hivi hufanya mililita moja. Kwa saa moja zinapotea mililita 12, kwa siku nzima zinakaribia 290. Gari la lita 3.7 likivuja hivyo mfululizo linakauka ndani ya wiki mbili. Tena injini ikiwa inafanya kazi, oili ni ya moto na nyepesi, upepo wa chini ya gari unaipeperusha, na uvujaji huwa mkubwa kuliko ule unaoonekana asubuhi gari likiwa limelala.

Oili ikishuka mpaka karibu na mdomo wa chujio, kona kali au mlima mmoja unatosha kuifanya pampu ivute hewa. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi inawaka. Dereva anayejua kwamba taa ile inahusu presha, si kiasi cha oili kilichobaki, anazima injini palepale. Asiyejua anasema atafika nayo Sikonge. Beringi za krenki haziwezi kusubiri Sikonge: chuma kinagusa chuma, injini inaanza kugonga, na kazi iliyokuwa ya siku moja inageuka kuwa safari ya kutafuta injini nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam.

Hakuna mji ambao tabia hii ya kuahirisha matengenezo inaugharimu zaidi kuliko Tabora, na sababu ni mahali ulipo. Kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza ni kilomita 400 hivi. Kwenda Mpanda kupitia Sikonge, Ipole na Koga ni zaidi ya 300. Kurudi mashariki kwa barabara ya Itigi na Manyoni ni zaidi ya 250 kabla ya kuifikia barabara kuu ya Dodoma. Kote huko kuna vipande virefu vya miombo ambamo hakuna fundi, hakuna duka la spea, na mtandao wa simu huja na kuondoka. Lami imezifupisha safari hizi sana, lakini vijiji vya tumbaku na vya warina asali bado vinafikiwa kwa barabara za udongo, na IST haikutengenezwa kwa ajili ya visiki. Jiwe moja likiigonga sampo, bati linabonyea, ukingo wake unapinda, na gasketi iliyokuwa inashika inaachia.

Tabora yenyewe ilikua kwa sababu ya kusubiri. Karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ulipofika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ulipangwa upya: wapagazi wengi wa pwani walimalizia kazi yao hapo, wapya wakatafutwa, wengi wao Wanyamwezi, mizigo ikafunguliwa na kufungwa tena kabla ya kuelekea Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Stanley alifika Juni 1871 na vita vya Mtemi Mirambo vikamzuia mpaka Septemba. Livingstone alikaa Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri watu wa kumwezesha kuendelea na safari. Biashara ya njia ile ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na hakuna wa kuitamani irudi. Ila ujuzi mmoja wa mji ulianzia hapo: mahali hapa ndipo safari ilipokaguliwa kabla ya kuingia pori la magharibi. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, ujuzi huo ukahamia kwenye vichwa vya treni. Leo mji huohuo unaruhusu Noah yenye abiria saba iondoke kwenda Kaliua huku ikichora mstari wa oili barabarani.

Kazi yenyewe inafahamika, na inafaa kuelezwa kinagaubaga ili mwenye gari ajue anachokinyima muda.

Fundi makini haanzi na spana. Anaanza kwa kuosha. Oili hushuka, kwa hiyo kinacholowa kwenye sampo kinaweza kuwa kimetoka juu: kwenye kava ya tapeti, kwenye swichi ya presha ya oili, kwenye filta iliyofungwa vibaya, au kwenye sili ya nyuma ya krenki, ambayo kuibadilisha kunadai gia boksi ishushwe. Injini inaoshwa, inakaushwa, pengine inapakwa poda ya watoto kuzunguka viungo, kisha inawashwa na kuachwa ingurume. Poda nyeupe haifichi kitu. Mahali inapoanza kulowa ndipo penye ugonjwa, na mara nyingi mstari unaonekana ukiteremka kutoka kwenye kava ya juu huku sampo ikiwa haina kosa. Nusu saa hiyo ya kuosha na kutazama inaweza kuokoa kazi ya siku nzima, lakini ndiyo wenye magari wengi wanayoiona kama fundi anapoteza wakati.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa mapema, nalo husahaulika hata na mafundi wazoefu. Injini huwa na vali ndogo ya kupumulia, inayotoa gesi zilizojipenyeza kupita ringi za pistoni. Ikizibwa na uchafu, presha hujaa chini na kuisukuma oili itoke popote palipo dhaifu. Gari kama hilo likibadilishiwa gasketi leo, litavuja tena kabla ya mwezi kwisha, na fundi ataitwa mwizi.

Baada ya hapo gari linainuliwa. Jeki peke yake haitoshi; mtu asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki, wala na tofali au ringi ya tairi, kwa kuwa jeki huteleza na tofali hupasuka. Stendi za chuma ni vifaa vya kawaida, ila zilizopo katika gereji nyingi za mitaani hazitoshi kwa magari yanayoingia. Oili inamwagwa ikiwa ya uvuguvugu, bolti za sampo zinafunguliwa, zile za pembeni zikiachwa za mwisho ili bakuli lisianguke ghafla. Katika baadhi ya magari lazima kwanza ekzosi ishushwe, au krosimemba ilegezwe.

Sampo huwa imeganda. Hapa ndipo bisibisi inapofanya uharibifu. Ikichomekwa na kukung'utwa ili kubandua, inaacha mkwaruzo kwenye aluminiamu ya injini, na mkwaruzo huo utakuwa njia ya oili milele. Kifaa sahihi ni bapa jembamba linalokata silikoni ya zamani polepole kuzunguka ukingo. Kusafisha nako kuna sharti lake: mabaki yanakwanguliwa kwa kipande cha plastiki au cha mti mgumu, si kwa diski ya msasa inayozungushwa kwa mashine. Vumbi la msasa likipenya ndani husafiri na oili mpaka kwenye beringi na kuzila. Ukingo wa sampo ya bati nao unalazwa juu ya ubao ulionyooka, unagongwa taratibu kuzunguka matundu ya bolti, maana kila aliyewahi kuikaza kupita kiasi aliyabonyeza matundu hayo, na gasketi haiwezi kuziba ukingo wenye mawimbi.

Toyota nyingi hazina gasketi ya kukatwa hapo. Kiwanda hutumia silikoni maalumu. Inawekwa mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 4, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti, na sampo inarudishwa ndani ya dakika chache kabla silikoni haijaanza kuganda. Kupaka nyingi ndiyo kosa linalojulikana zaidi. Silikoni inayozidi hubinywa kuelekea ndani, hukauka, hukatika vipande, navyo huenda kuziba lile chujio la pampu. Injini inakufa kwa kukosa oili huku sampo ikiwa imejaa na haivuji hata tone.

Kukaza kunaanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupokezana pande zote mbili, kwa awamu. Bolti hizi ndogo kwa injini kama 1NZ-FE hudai nguvu ya nyutoni mita 9 hivi, yaani nguvu ya kiwiko cha mkono tu, si ya bega. Fundi anayevuta kwa bega anapinda ukingo au kukata uzi wa bolti ndani ya aluminiamu. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, hulimaliza tatizo hilo, na kikundi cha mafundi wachache kinaweza kumiliki moja na kupokezana.

Kisha inakuja sehemu ambayo kila mtu anaichukia: kusubiri. Oili isiwekwe kwa muda usiopungua saa mbili, na kwenye maboksi ya silikoni nyingi huandikwa kwamba hukomaa baada ya saa 24. Gari lilale. Likiwashwa mapema, oili ya moto hupita chini ya silikoni ambayo bado ni laini, na kazi yote inakuwa bure.

Mwenye gari hasemi saa 24. Anasema, “Saa tisa nakuja kulichukua.” Fundi anajua silikoni haitakuwa imekomaa, lakini anajua pia kwamba akikataa, gari litapelekwa gereji ya jirani. Anapaka silikoni nyingi akitumaini wingi utafidia muda, anakaza kwa nguvu zote, anajaza oili. Wiki mbili baadaye lawama zinaanza.

Haraka hii si ya watu wote kwa namna moja, na ni lazima isemwe kwa haki. Dereva wa Noah au Hiace anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari, gari likilala gereji au lisilale. Kwake kusubiri ni njaa nyumbani. Anayeweza kulibadilisha jambo hilo ni mwenye gari, anayekaa mbali akipokea hesabu kwa simu. Akisamehe hesabu ya siku mbili kwa mwaka kwa ajili ya matengenezo, dereva ataleta gari likiwa bado linatona badala ya kulileta linagonga. Wamiliki wengi wana uwezo wa kufanya hivyo, na wasiofanya hawapunguzi gharama. Wanaihamishia kwenye injini yao wenyewe.

Halafu kuna oili iliyomwagwa. Mtaani oili chafu haina sifa mbaya: inapakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, inatiwa kwenye minyororo, inamwagwa uani kutuliza vumbi. Lakini oili iliyozunguka kwenye injini imebeba chembe za metali za injini na kemikali zinazotokana na mwako, na baadhi ya kemikali hizo husababisha saratani. Fundi anayenawa mikono kwa petroli mara kadhaa kwa siku anaondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifungulia njia sumu hiyo. Glavu za mpira ni kinga rahisi, na ziwe za lazima kwa wanagenzi, vijana wa miaka 15 au 16 wanaokabidhiwa kazi ya kumwaga oili kwa kuwa ndiyo kazi ya kuanzia.

Maji nayo yamo hatarini. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora na kuupunguzia mji kiu ya miaka mingi, lakini visima vya mitaani bado vinatumika, na mchanga wa Unyamwezi hauna uwezo mkubwa wa kuzuia kitu kisishuke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021 zipo, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ipo. Kisichokuwepo, kwa fundi wa chini ya mwembe, ni mahali pa kuipeleka ndoo ya oili chafu. Kumtoza faini mtu ambaye hajaonyeshwa pa kuimwaga hakutaisafisha ardhi.

Ujerumani, nchi iliyojenga Boma la Tabora wakati wa ukoloni, inamlazimisha kisheria muuzaji wa oili ya injini kuipokea bila malipo oili chafu ya mteja wake, kwa kiasi kilekile alichomuuzia. Hakuna kinachozuia Manispaa ya Tabora kuweka sharti la aina hiyo kwa wauzaji wa oili na spea. Lori linaloleta oili mpya kutoka Dar es Salaam linaweza kurudi na mapipa ya oili chafu hadi kwa mwenye kibali cha kuishughulikia.

Manispaa ianze na eneo moja. Mji una zaidi ya watu 300,000 kwa sensa ya 2022, hauwezi kuendelea kuchukulia gereji kama wavamizi wa kuhamishwa kila barabara inapopanuliwa. Ipimwe sehemu yenye njia ya kuingilia, imwagwe sakafu ya zege yenye mteremko kidogo, na yachimbwe mashimo mawili matatu ya kukagulia magari. Mfereji wa sakafu hiyo uishie kwenye tangi la vyumba viwili: oili huelea juu ya maji, kwa hiyo maji hutolewa kupitia bomba la chini na oili hubaki juu ikisubiri kuchotwa. Ni ujenzi ambao fundi mwashi yeyote mzuri wa mjini anauweza. Mafundi wapangishwe kwa bei wanayoimudu, kwa mikataba ya miaka, si ya mwezi kwa mwezi.

Fedha za vifaa zipo mahali panapojulikana. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wa gereji wakijiunga, mkopo mmoja unaweza kuwapatia stendi, spana ya toki, mapipa na kompresa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazi mtaani, unaompa fundi cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili. Cheti hicho kinaweza kuwa sharti la kupata nafasi kwenye sakafu ya zege.

Upande wa mwenye gari hauhitaji bajeti ya serikali. Magari mengi ya mizigo huanza kuelekea Urambo, Kaliua na Sikonge masoko ya tumbaku yanapofunguliwa, na huo ndio wakati ambao hakuna anayekubali gari lake lilale. Basi Fuso na Canter zipelekwe kwa fundi majuma kadhaa kabla ya hapo, injini zioshwe, zipakwe poda, na lolote litakaloonekana linavuja liachwe gereji mpaka asubuhi ya siku ya pili, fundi akiwa amelipwa kwa ajili ya siku zote mbili.